Gari ya milioni 6 na nusu, bima kubwa wananizungusha. Tatizo nini hasa?

Kijiko Butu
Wakuu habari za leo. Nimevuta Passo ya 2005 kwa mtu, namba C, milioni 6.5 baada ya kubembelezana wiki nzima. Gari haina shida ila ni ya kwangu ya kwanza na naipenda, sasa nikasema nisiwe mjinga nikate bima kubwa kabisa, ile inayolipa hata gari yangu mwenyewe ikiumia au ikiibiwa, nilale usingizi. Nimezunguka ofisi tatu za bima hapa Dar. Ya kwanza wakasema gari imezidi miaka 15 hawakati kubwa. Ya pili dada akaangalia kadi, akaniangalia mimi, akasema "kaka wewe chukua tu ndogo". Ya tatu wamekubali lakini wanataka 295,000 na gari ikakaguliwe kwanza.
Swali langu, kwa nini mwenye gari ya bei chee ndo ananyimwa bima wakati yeye ndo hana hela ya kununua nyingine ikipotea? Mwenye Land Cruiser V8 hata ikiungua ana nyingine nyumbani. Karibuni.

Tumbili wa Mbezi
Passo bima kubwa 😂😂 mkuu hiyo gari ikigongana na mbuzi, mbuzi ndo anakatiwa bima.

Dada Kisamvu
Tumbili acha dharau, kuna watu tunapanda daladala humu.
Kijiko hongera kwa gari. Nami nasubiri majibu maana nina Vitz ya zamani na nimeshindwa kuelewa hawa watu.

Hesabu Kali
Hapo kwenye 295,000 umepigwa. Bima kubwa ya gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani. Milioni 6.5 mara 3.5% ni 227,500, weka VAT 18% inakuja 268,450. Hiyo elfu 26 na ushee inaenda wapi? Mwambie akuonyeshe mchanganuo.

Nyundo ya Mbao
Hesabu Kali hesabu yako iko sawa ila umesahau kitu. Kuna kima cha chini, hata gari yako iwe ya milioni 3 huwezi kulipa chini ya hapo. Mimi mwaka juzi Starlet yangu niliambiwa 250,000 kabla ya VAT, ukijumlisha 18% unapata 295,000 kavu. Hajapigwa.
Na hapo ndo utamu ulipo, maana ukishalipa kima cha chini ina maana kwa kila shilingi ya gari lako wewe unalipa zaidi kuliko mwenye gari ya milioni 40.

Hesabu Kali
Sawa mkuu nimekubali. Sasa hiyo si ndo anacholalamikia mleta mada? Maskini analipa zaidi.

Mstaafu wa Scania
Vijana shikamooni kwa kugeuza 😄 maana siku hizi hamuamkii.
Nimeendesha miaka 31, malori na baadae gari ndogo. Niwaambie kitu kimoja, gari za zamani zinakataliwa kwa sababu ya sisi wenyewe. Mtu ana mkweche umekufa injini, anaukatia bima kubwa milioni 8, mwezi wa pili gari "imeungua" porini usiku, yeye kanusurika na begi lake la nguo na kadi ya gari mkononi. Gari inaungua halafu kadi haiungui! Kampuni zimelizwa sana kwa mtindo huo. Ukienda na gari ya miaka 18 wanakuona wewe ni wale wale.

Kijiko Butu
Marahaba... i mean shikamoo mzee 😂. Lakini mzee si ndo maana wanakagua gari? Wapige picha, wawashe injini, waone.

Nyundo ya Mbao
Mzee ana pointi ila sio sababu kubwa. Nilishika kazi ya uwakala wa bima miaka minne kabla sijarudi kwenye biashara yangu, ngoja niwape ya jikoni.
Bima inakatwa kwa asilimia ya bei ya gari, sawa? Lakini ajali nyingi sio za gari kufa kabisa, ni bampa, taa, boneti, rejeta, kioo. Sasa nenda kwa wauza spea wa Gerezani kaulize taa ya Passo halafu uliza taa ya gari ndogo nyingine mpya mpya ya milioni 13. Hazipishani kihivyo. Fundi bodi akinyoosha mlango haulizi gari ulinunua bei gani. Kwa hiyo mwenye gari ya milioni 13 analipa karibu mara mbili yako, halafu mkigonga wote ukuta ule ule gharama ya kutengeneza inakaribiana. Wewe kwa kampuni ni hasara inayotembea.
Na ukipigwa pigo kidogo tu la mbele gharama inafika nusu ya gari, wanatangaza imekufa.

Tumbili wa Mbezi
"Hasara inayotembea" naiweka stika kioo cha nyuma.

KahawaChungu
Mimi naona Nyundo unawatetea waajiri wako wa zamani. Sababu ni rahisi tu, bima ndogo ni 118,000, mtu analipa na harudi tena mpaka mwaka uishe. Nani humu amewahi kudai kwenye bima ndogo? Ukigongana na mtu barabarani mnashuka, mnatukanana kidogo, trafiki anakuja, mnamalizana kwa laki moja, kila mtu kwake. Kampuni imekula 118,000 bila kunyanyua simu. Kwa nini ahangaike na bima kubwa ya Passo ambayo mwenye nayo atakuja kudai mpaka saiti mira?

Dada Kisamvu
KahawaChungu hapo umenigusa. Mwezi wa nne bodaboda alinivaa Ubungo, kaingia kwenye mlango wa abiria wote ukaingia ndani. Nikajua nina bima nikapiga simu kwa ajenti wangu nikiwa bado barabarani, akaniuliza "dada una ndogo au kubwa?" nikasema ndogo. Akasema pole sana. Basi. Yaani POLE SANA ndo huduma niliyopata kwa 118,000. Mlango nimenyoosha gereji bubu kwa laki 2 na 80 na rangi haijafanana mpaka leo.

Nyundo ya Mbao
Pole dada, ila ajenti wako alikuwa sahihi ila hakumalizia. Bima ndogo haikulipi wewe, inamlipa yule UTAKAYEMGONGA WEWE. Kwenye kesi yako aliyekosa ni boda, kwa hiyo wa kulipa ni bima ya boda. Yeye naye kisheria anatakiwa awe na bima ndogo, Sura ya 169 haichagui magurudumu mawili wala manne. Ungechukua namba ya pikipiki, ukaingia tovuti ya TIRA, wale wasimamizi wa bima, ukaona kakata kampuni gani, ukapata ripoti ya polisi, ukaenda kudai kwao.

Dada Kisamvu
Namba ya pikipiki 😂 mkuu wewe unaishi mji gani. Yule kijana alinyanyuka akasema samahani mama, mimi miaka 29 naitwa mama, nikabaki nashangaa hilo la mama, naye kashaondoka.

Mstaafu wa Scania
Na akiwa na bima utaambiwa leseni hana. Hapo unaanza safari nyingine.

Pwani Yetu 001
Salaam kutoka Mombasa. Huku Kenya mambo ni hayo hayo msidhani mko peke yenu. Gari ikipita miaka 15 kampuni nyingi hazikupi komprehensivu, hiyo kubwa yenu, unaambiwa chukua thadi pati, yaani ndogo. Nina kigari cha KAZ, makanika wangu hukiita "nyanya", yaani bibi, nakikatia thadi pati ya mwezi mmoja mmoja, nikiwa na safari ya Malindi nalipa, nisipokuwa nayo kinalala. Nyinyi huko mnaweza kukata ya mwezi?
Halafu huku sheria Sura 405 imeweka kikomo, mtu akiumia bima inalipa mwisho shilingi milioni 3 za Kenya, zaidi ya hapo hakimu akiamua ni mfuko wako.

Hesabu Kali
Gari binafsi huku tumezoea ya mwaka, ajenti wa chini ya mwavuli hata ukimuuliza ya mwezi anakushangaa. Ila Pwani ukija na "nyanya" kwetu usisahau kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mipaka, thadi pati yako ya huko ukivuka mpaka wa Horohoro haina kazi.

Pwani Yetu 001
Nyanya haifiki Horohoro hata kwa maombi.

Mama Ntilie Digitali
samahani naomba kuuliza tofauti, hivi hii bima ndo ile ile road license? maana mume wangu anasema road license ilifutwa, kwahyo bima nayo si ilifutwa

Hesabu Kali
Hapana dada. Road license iliondolewa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, unailipa kila ukijaza tenki bila kujua. Bima iko pale pale, usipokuwa nayo trafiki anakuandikia 30,000. Mwambie shemeji asituletee kesi.

Tumbili wa Mbezi
Shemeji anaendesha bila bima tangu 2017 😭 dua zenu ndugu zangu.

KahawaChungu
Turudi kwenye mada. Kijiko ushauri wangu, achana na bima kubwa. Chukua ndogo 118,000. Ile tofauti, 295,000 toa 118,000 ni 177,000, weka kwenye kibubu kila mwaka. Miaka mitatu una laki 5 na 31. Bampa hilo, taa hiyo, na chenji inabaki. Usipopata ajali hela yako, ukiipata hela yako pia.

Dada Kisamvu
Kibubu!! Kibubu changu kilivunjwa mwezi wa kwanza ada ya shule, kikaundwa upya kikavunjwa mchango wa harusi ya mtoto wa shangazi. Kibubu hakijui kama ni cha gari.

Mstaafu wa Scania
Na gari ikiibiwa mwezi wa pili, kibubu kina elfu 30. Utanunua kopo la rangi.

KahawaChungu
Nani aibe Passo ya 2005 mzee?

Mtu wa Kimara
Wanaiba. Mimi waliniibia Duet, sio Passo, Duet. Nilipaki nje ya kanisa mkesha, natoka saa kumi na moja alfajiri nakuta sehemu niliyopaki pakavu mraba, mvua ilikuwa imenyesha pembeni kote pamelowa isipokuwa pale gari ilipokuwa. Nikasimama naangalia ule ukavu kama dakika tano hivi akili haikubali.
Nilikuwa na bima kubwa. Thamani niliyoandikisha milioni 7. Nikakaa nasubiri 7 yangu. Baada ya karibu miezi minne na barua nyingi za polisi kampuni (sitaji jina) wakaniambia thamani ya soko siku ilipoibiwa ni milioni 5 na laki 2, wakakata na ile sehemu ya hasara ninayotakiwa kuchangia mwenyewe, nikaondoka na milioni 4 na kitu. Nilikuwa nimelipia ya milioni 7 mwaka mzima!

Hesabu Kali
Huo ni wizi wa pili.

Nyundo ya Mbao
Pole mkuu. Sio wizi ila walipaswa kukueleza siku unakata. Ile thamani unayoandikisha ndo mwisho wa juu, sio ahadi. Wanalipa thamani ya soko ya siku ya tukio. Kwa hiyo kupandisha bei ya gari ili ulipwe zaidi ni kujipotezea ada tu.
Na msije mkasema basi naandikisha kidogo ili nilipe kidogo. Hiyo nayo ina mtego wake. Gari ya milioni 8 ukaandikisha 4, ukapata ajali ya milioni 2, wanasema ulikata nusu ya gari kwa hiyo tunalipa nusu ya hasara, milioni 1. Hapo bado hawajatoa ile ya kuchangia mwenyewe, kwa kawaida asilimia 10. Unabaki na laki 9 kwenye hasara ya milioni 2.

Kijiko Butu
Daah. Yaani ukiandikisha nyingi umekula hasara, ukiandikisha kidogo umekula hasara. Kwa hiyo bei sahihi ya Passo ya 2005 nani anaijua? Aliyeniuzia alianza na 8, mimi nilianza na 5.5.

Dada Kisamvu
Umeona, hilo ndo jibu la swali lako mwenyewe. Gari mpya kutoka bandarini ina karatasi, ina ushuru, kila kitu kimeandikwa. Hizi zetu bei yake ni maneno ya dalali na rangi ya jua siku hiyo. Kampuni itakatia bima kitu ambacho watu wawili hawakubaliani bei?

KahawaChungu
Nyumba za kota za zamani nazo mbona wanazikatia.

Ustadh wa Temeke
Assalam alaykum. Wengine bima tunaiona kama kamari, unalipa na kuomba lisitokee. Hiyo ya lazima tunakata kwa kuwa ni sheria, hiyo kubwa ya hiari mtu unajitakia mwenyewe.

Pwani Yetu 001
Waalaykum salaam. Ustadh kuna takaful siku hizi, mnachangiana. Huku Mombasa iko na hata kwenu naona imeanza.

Ustadh wa Temeke
Naisikia, nitaulizia kama wanachukua Carina Ti.

Tumbili wa Mbezi
Ustadh Carina Ti hata mchango wa harusi haichukui.

Mzaramo Mpole
Wakuu nimesoma tangu juu, naona wote mnazungumzia gari yenu kuumia. Mimi niwape yangu. Nilikuwa na Corolla 110, imechoka, bei yake hata milioni 4 haifiki, bima ndogo tu. Asubuhi foleni ya Mwenge, mguu ukateleza kwenye breki (nilivaa ndala, ndio, najua) nikambusu V8 nyeupe nyuma. Kubusu tu. Corolla ilipata mkwaruzo. Ile V8 taa moja ya nyuma na bampa na kuna vimashine vya kuhisi ukirudi nyuma, jumla ikaja milioni 5 na laki 8. Kuzidi gari yangu nzima na mimi nikiwa ndani.
Yule mzee wa V8 hakufoka hata. Alitoa simu akapiga picha stika yangu na namba akasema "tukutane polisi". Nilichukuliwa maelezo, ramani ya ajali ikachorwa, nikajaza fomu ya kampuni yangu, nikasumbuliwa kwenda mara sita au saba. Lakini mwisho wa siku LILE DENI LILILIPWA na bima ndogo ya 118,000. Ningekuwa sina ningeuza kiwanja.
Kwa hiyo Kijiko bei ya gari yako isikuchanganye, angalia bei ya gari zilizo mbele yako kwenye foleni.

Kijiko Butu
Mkuu umenitisha. Kuanzia leo nikiona V8 naacha gari tatu katikati.

Mstaafu wa Scania
Ukiacha gari tatu Dar wataingia bajaji tisa.

Nyundo ya Mbao
Mzaramo umesema vizuri. Na hapo ni taa tu. Ukimgonga mtu akavunjika mguu, ana PF3 yake, ile fomu ya polisi ya matibabu, ana wakili, hiyo hesabu nyingine kabisa. Watu wanadharau bima ndogo kwa sababu imekaa kama tiketi ya kumpitia trafiki.
Kijiko nikuulize, kadi umeshabadilisha jina TRA?

Kijiko Butu
Bado mkuu, bado ina jina la mama mmoja wa Morogoro, na mimi sikununua kwa huyo mama, nilinunua kwa aliyenunua kwa aliyenunua kwake 😅

Nyundo ya Mbao
Hapo acha kila kitu kaanzie hapo. Ukikata bima kubwa kwa jina lako wakati gari ni ya mama wa Morogoro, siku ya kudai watakuuliza wewe unahusikaje na gari ya watu. Ukikata kwa jina la mama, hundi itaandikwa jina la mama. Utakwenda Morogoro kuomba hela yako.

KahawaChungu
Sio lazima, mimi niliwahi kulipwa na gari haikuwa na jina langu, nilikuwa na mkataba wa mauziano wa mwanasheria tu.

Nyundo ya Mbao
Inategemea na kampuni na mtu uliyemkuta. Mimi siwezi kumshauri mtu ategemee bahati.

Mtu wa Kimara
Mimi mkataba waliukataa.

Kijiko Butu
Wakuu nimerudi baada ya siku nne, asanteni wote. Mama wa Morogoro nimempata kwa simu, ni mstaarabu, amekubali kusaini ila anataka nauli na amesema Passo ilikuwa inaitwa Furaha. Kwa sasa nimekata ndogo kwanza nisishikwe, nimekata kwa yule jamaa wa chini ya mwavuli pale karibu na sheli. Alipiga picha gari mbele nyuma na ubavuni, dakika kumi stika ikaingia kwenye simu. Kubwa nitaamua kadi ikitoka.

Hesabu Kali
Ulilipa kwa namba ya kampuni au simu ya jamaa?

Kijiko Butu
Simu ya jamaa. Alisema namba ya kampuni leo ina tatizo.

Dada Kisamvu
Kijiko.

Mstaafu wa Scania
Ingia tovuti ya TIRA sasa hivi, weka namba ya gari, tazama inasoma nini. Bima bila hela kufika kampuni ni karatasi, siku hizi hakuna kukopa.

Kijiko Butu
Nimeingia. Inasoma, ipo hai, mwaka mzima. Asante Mungu.
Ila inasoma SUZUKI CARRY.

Tumbili wa Mbezi
😭😭😭😭 Furaha imekuwa kirikuu

Nyundo ya Mbao
Usicheke Tumbili. Kijiko, huyo jamaa kakosea kuingiza taarifa au kakutumia ya mtu mwingine, vyovyote vile, namba yako kama imekaa kwenye gari nyingine ukigonga V8 leo hiyo bima ni ubishi mtupu. Mrudie arekebishe kwenye mfumo, linganisha na namba ya chesisi ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Akileta longolongo nenda ofisi ya kampuni iliyoandikwa kwenye stika na muamala wako.

Kijiko Butu
Niko hapa sheli sasa hivi. Mwavuli upo, kiti kipo, jamaa hayupo. Mama wa chapati anasema huwa anarudi saa kumi.

Mzaramo Mpole
Agiza chapati, subiri. Na usiwashe gari.